Kula vizuri na kubaki na mwili imara safarini Uganda: mwongozo kamili kutoka Malaba hadi Katuna

"Msafiri kafiri," husema watu wa barabara, na wengi wetu huuchukua msemo huo kama ruhusa. Ukishapanda basi, kula chochote, kunywa chochote, lala popote, na mazoezi yangoje hadi utakaporudi nyumbani. Mimi ni wakala wa mizigo. Kwa miaka kumi na mmoja nimefuata makontena kutoka Malaba, mpakani na Kenya, hadi Kampala, na mara nyingine hadi Mbarara na Katuna, mpakani na Rwanda. Mwaka wa nne wa kazi hii nilipanda mizani katika kliniki moja ya Tororo nikakuta nimeongeza kilo kumi na nne, na presha iko juu. Nesi akaniuliza, "Mzee wangu, kwa mwezi unakaa nyumbani siku ngapi?" Nikahesabu. Siku nane.

Swali lile lilinikaa kifuani. Kama nyumbani ni siku nane tu, basi maisha yangu yako barabarani, na mwili nisioutunza barabarani sitautunza popote. Haya yafuatayo ndiyo ninayofanya tangu siku ile. Hayahitaji jimu wala chakula cha dukani chenye maandishi ya kizungu. Karibu kila kitu unakipita njiani.

Hatua ya kwanza: fungasha kabla njaa haijafika

Mwenye njaa hana miiko. Ukisubiri tumbo lingurume ndipo uamue utakula nini, wa kwanza kufika dirishani ndiye atakayeamua. Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari chemsha mayai mawili au matatu, uyale kabla ya saa sita mchana maana joto la basi si friji. Chukua kikombe cha karanga za kukaanga, parachichi moja lililo gumu kidogo litakaloiva njiani, na kichane cha ndizi mbivu ndogo. Hizo ndogo tamu Waganda wenyewe huziita ndizi. Za kupika ni matooke. Ukiagiza "ndizi" Kampala ukitarajia sufuria, utaletewa tunda.

Karanga zichague kwa macho. Yenye ukungu au iliyosinyaa itupe, na ukitafuna moja ikawa chungu, iteme mara moja. Uchungu huo mara nyingi ni dalili ya kuvu, na sumukuvu inayotokana na kuvu huharibu ini. Kukaanga hakuiondoi yote.

Weka pia chupa ya maji ya lita moja na nusu, raba za kukimbilia, kamba ya kuruka, kitenge kikuukuu cha kutandika sakafuni, chandarua na pakiti mbili tatu za ORS, ule unga wa kuchanganya na maji mtu akiharisha. Dawa zako za kila siku, za presha au za kisukari, zikae kwenye mkoba unaoshika mkononi, kamwe zisiende kwenye buti la basi. Anayeingia Uganda kutoka nje anatakiwa pia kuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu mwaka 2016 chanjo hiyo inahesabiwa kuwa ya maisha, kwa hiyo kadi ya zamani usiitupe.

Hatua ya pili: kishinde kiti

Kutoka Malaba hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na Kampala hadi Katuna ni zaidi ya 400. Mtu akikaa zaidi ya saa nne bila kusimama, damu hutembea polepole kwenye misuli ya nyuma ya mguu. Miguu huvimba, viatu hubana, na kwa baadhi ya watu damu huganda ndani ya mshipa.

Omba kiti cha kando ya njia, si cha dirishani. Usijaze mizigo chini ya miguu. Kila nusu saa inua visigino mara thelathini huku vidole vikigusa sakafu, kisha geuza: visigino chini, vidole juu, mara thelathini. Kaza makalio, hesabu hadi kumi, achia. Hakuna abiria atakayejua unafanya nini. Basi likisimama kupakia, shuka hata kama huna haja ya msalani, ila muage kondakta asije akakuacha. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwenzake, au kifua kikabana na pumzi ikawa fupi baada ya safari ndefu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Madereva wa malori nawaonea uchungu wa pekee, kwa sababu wao hawashuki. Foleni ya Malaba inaweza kukushika hadi usiku, na nimeona wenzangu wakiishi ndani ya kabini, chai kwa mandazi, mandazi kwa chai. Ndugu dereva, hiyo foleni ndiyo uwanja wako. Mwache taniboi alinde dizeli na mzigo, wewe tembea dakika ishirini kando ya mstari kwenda na kurudi, halafu mbadilishane. Uganda magari huenda upande wa kushoto, kwa hiyo tembea kulia, uyaone yanayokuja mbele yako. Ukiwa njiani, simama kila baada ya saa mbili na uzunguke gari mara tano. Utakagua matairi na utaokoa miguu.

Hatua ya tatu: vituo vya dirishani

Ukitoka Jinja, ukavuka msitu wa Mabira na kuipita Lugazi, unafika Namawojjolo. Basi halijasimama sawasawa, vijana wenye aproni wamekwisha kulizunguka: mapaja ya kuku, mishikaki, maini, gonja (ndizi kubwa za kuchoma), muhogo, soda. Kwenye barabara ya Masaka ni Lukaya, na wanaokwenda Gulu au Arua wana Migyera. Ninavipenda vituo hivi kwa dhati, na sitakuambia ufunge macho. Nitakuambia namna ya kununua.

Kwanza, usinunue mshikaki ulio mkononi mwa kijana. Huo umepita madirisha ya mabasi mangapi, na umekula vumbi kiasi gani, hakuna ajuaye. Shuka, nenda jikoni, onyesha kipande kilicho juu ya makaa na ukipokee kikiwa bado kinatoa moshi. Pili, chagua kimoja cha nyama na kimoja cha wanga, basi: paja la kuku na gonja moja. Gonja ya kuchomwa haina mafuta, inashibisha, na mimi naiweka juu ya chipsi siku zote. Tatu, mboga hakuna hapo, kwa hiyo matunda ya mkobani ndiyo yakamilishe mlo. Nne, ukishalipa, funga dirisha. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na anayekula kidogo kidogo kila kituo anafika Kampala amekula milo minne bila kukumbuka hata mmoja.

Matunda yanunue yakiwa mazima, uyaoshe na kuyamenya mwenyewe. Nanasi lililokatwa na kufungwa kwenye nailoni lina utamu ule ule, lakini hujui kisu kilioshwa kwa maji gani. Mananasi ya Kayunga na Luweero yanauzwa kando ya barabara. Chukua moja zima, utalikata ukifika. Fenesi vilevile, ila lile linataka familia nzima.

Hatua ya nne: sahani ya hotelini

Hapa ndipo kilo zangu kumi na nne zilipotoka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika hoteli za kawaida za Uganda, wakisema "chakula", emmere kwa Kiganda, wanamaanisha vyakula vya wanga: matooke, posho (yaani ugali), wali, viazi vitamu, muhogo, magimbi, na wakati mwingine malenge. Vinginevyo vyote ni "mchuzi". Mgeni akiulizwa kama anataka chakula chote, husema ndiyo kwa furaha, na hupokea mlima wa aina tano za wanga na kibakuli cha mchuzi pembeni. Miaka minne nilikula mlima huo mara mbili kwa siku, kisha nikarudi kwenye kiti.

Siku hizi mazungumzo yangu na mama mmoja wa Lyantonde huenda hivi (ssebo ni bwana, nnyabo ni bibi):

"Ssebo, nikuwekee chakula chote?"

"Hapana, nnyabo. Matooke na malenge tu. Mchuzi wa maharage, na nakati uniwekee mara mbili."

"Ssebo, utashiba kweli?"

"Nitashiba, nnyabo. Nikibaki na njaa nitakuomba maharage tena."

Ukisema kwa heshima hivyo, hakuna anayekukatalia. Mboga ya ziada mara nyingi huongezwa kwa bei ndogo sana, na hata mimi huiomba kabla ya nyama. Kipimo changu ni mkono wangu mwenyewe: wanga usizidi ngumi mbili, samaki au nyama iwe kama kiganja, na mboga ichukue nusu ya sahani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na bila kuagiza mara mbili msafiri hafiki hapo. Mboga ziko tele: nakati, dodo, sukuma, kabichi, biringanya. Ila lazima uziombe kwa jina, zisipotajwa hazitoki jikoni.

Mchuzi wa karanga, ule wa rangi ya waridi, una nguvu nyingi. Kijiko kikubwa kimoja au viwili vinatosha, na ukiupata na mukene, yaani dagaa, umepata mlo wa bei nafuu wenye protini na chokaa ya mifupa. Sato wa mchuzi namchagua mbele ya wa kukaanga. Nyama ya luwombo, iliyopikwa ndani ya jani la mgomba, haihitaji mafuta mengi. Chumvi ndiyo inayojificha: mchuzi umeungwa kwa chumvi na vidonge vya kuongeza ladha, halafu chupa ya chumvi bado iko mezani. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Iache chupa mahali pake.

Asubuhi kuna katogo, matooke yaliyopikwa pamoja na mchuzi. Chagua ya maharage au ya karanga, na ile ya utumbo iwe ya siku mojamoja. Kuna rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, chakula kizuri ukimwelekeza mpishi: chapati moja, mayai mawili au matatu, kabichi na nyanya kwa wingi na vikaangwe pamoja na yai, mafuta kidogo. Kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage, kinabeba mpaka saa tisa alasiri. Chapati mbili kwa mlo mmoja ni nyingi kwa mtu anayekwenda kukaa.

Ukienda kaskazini utanielewa nikisema chakula cha Waacholi ndicho rafiki mkubwa wa msafiri nchini humu. Gulu utapata boo, mboga iliyotiwa kitoweo cha ufuta na karanga, utapata malakwang yenye uchachu wake, mbaazi wanazoziita lapena, na ugali wa wimbi na mtama. Sahani nzima haina hata kipande kilichozama kwenye mafuta. Mbale waulize malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Magharibi, maziwa ya Mbarara na mtindi uitwao bongo ni kifungua kinywa tosha ukiongeza ndizi, na Kabale kuna bushera, kinywaji cha mtama au wimbi. Omba isiyotiwa sukari.

Kwa Waislamu wenzangu: sehemu nyingi za nyama choma huuza nguruwe pia, wakati mwingine kwenye jiko moja. Uliza bila haya, au tafuta hoteli za Waislamu. Kampala ziko nyingi Kisenyi na Old Kampala.

Hatua ya tano: maji kwanza, soda baadaye au kamwe

Soda ya mililita 300 ina sukari karibu gramu 30, kama vijiko saba vya chai. Dereva anayekunywa nne kwa siku ili asisinzie anakunywa karibu vijiko thelathini, na usingizi unarudi ukiwa mzito zaidi. Kunywa maji kidogo kidogo, na usijinyime kwa kuogopa kukosa choo. Mkojo wa rangi ya chai isiyo na maziwa unakuambia umechelewa. Chupa ikague kifuniko kabla ya kulipa. Maji ya bomba yawe yamechemshwa. Juisi ya pasheni ya hotelini uliza imetengenezwa kwa maji gani, na barafu iache. Chai iagize mkavu, yaani isiyo na maziwa, na sukari ujitilie mwenyewe.

Hatua ya sita: mazoezi bila jimu

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kuhemesha kiasi kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku mbili. Zigawe: nusu saa siku tano. Aprili 2020, watu walipozuiwa kukimbia nje kwa sababu ya korona, Rais Museveni alitoa video akikimbia pekupeku ndani ya ofisi yake na kumalizia kwa pushapu 30. Alikuwa na miaka 75. Tangu hapo sijakubali mtu aniambie chumba cha gesti ni kidogo.

Chumbani tandika kitenge. Chuchumaa na kusimama mara 15, mgongo wima, visigino visinyanyuke. Pushapu 10, ukishindwa, weka mikono ukingoni mwa kitanda badala ya sakafuni. Kisha jishikilie kama ubao, viwiko na vidole vya miguu tu vikigusa chini, kwa sekunde 30. Malizia kwa kuruka kamba dakika mbili, au kukimbia papo hapo kama chini yako kuna mgeni amelala. Pumzika dakika moja, rudia mzunguko mara tatu. Ni dakika ishirini hivi. Mwenye presha asibane pumzi wakati wa kusukuma, atoe pumzi anapoinuka, na kama hajawahi kufanya mazoezi amwone daktari kwanza.

Siku zinazobaki, toka nje. Uganda iko kwenye Ikweta, kwa hiyo jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi mwaka mzima. Toka kukishapambazuka, kabla magari na bodaboda hazijaijaza barabara na hewa haijawa moshi. Acha pesa gestini, beba simu na noti moja.

Kampala ni mji wa vilima, na vilima ni mashine ya mazoezi isiyoharibika. Mwenye shughuli Kikuubo, kwenye maduka ya jumla katikati ya mji, apande kwa miguu hadi msikiti mkuu wa Old Kampala, au aelekee kanisa la Namirembe, kisha ashuke. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki badala ya kuita bodaboda na mapaja yako yatakuambia tofauti. Jinja tembea karibu na mto Nile. Tororo kuna ule mwamba mkubwa juu ya mji. Mara yangu ya kwanza niliupanda nikisimama kila baada ya hatua ishirini, na nilishuka nikiwa na furaha niliyokuwa nimeisahau. Nenda na mwenyeji anayeijua njia. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari: siku ya kwanza punguza mwendo, pumzi itakuwa fupi. Hivyo hivyo Kapchorwa, nyumbani kwa Joshua Cheptegei, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 mwaka 2020 na kushinda dhahabu ya mita 10,000 Paris 2024. Vijana watakupita wakiongea. Waache wapite.

Jambo moja nasisitiza: usiogelee Ziwa Victoria wala Ziwa Albert kwa ajili ya mazoezi. Kuna kichocho, na kinaingia kupitia ngozi nzima isiyo na jeraha. Kama unapenda kuogelea, lipia bwawa la hoteli.

Hatua ya saba: usiku

Kula angalau saa mbili kabla ya kulala. Fika gestini, oga, kula, tembea dakika kumi, lala. Chandarua kifungwe kabla ya giza, kwa sababu malaria iko nchi nzima. Ukipata homa safarini au wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani, pima siku hiyo hiyo, usinunue dawa kwa kukisia.

Mirungi sitaizunguka. Inaondoa usingizi na njaa kwa pamoja, kinywa kinakauka, soda inafuata, na usiku wa manane mtu anakula sahani ya watu wawili kisha anashindwa kulala. Usingizi haulipwi kwa majani. Ukisinzia kwenye usukani, egesha mahali salama ulale.

Tumbo likiharibika

Hata ukiwa mwangalifu, siku moja litaharibika. Changanya pakiti ya ORS kama ilivyoandikwa. Huna? Maji safi lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Pima kwa makini, kwani chumvi ikizidi inadhuru. Kunywa kidogo kidogo kila unapotoka chooni, na uendelee kula vyepesi: uji, matooke, ndizi mbivu. Ukiona damu, ukapata homa kali, au ukashindwa kushika hata maji, nenda kituo cha afya usiku huo huo. Mazoezi yasubiri hadi ule vizuri siku nzima.

Kupima maendeleo

Mizani za njiani hazilingani, kwa hiyo mimi hutumia uzi. Kila Jumapili asubuhi nikiwa sijala, nauzungusha kiunoni usawa wa kitovu, natoa pumzi bila kubana tumbo, na mahali unapokutana napiga fundo. Fundo la mwaka ule wa Tororo bado lipo. Uzi ninao mkobani pamoja na pakiti za ORS, na nikiuvuta leo fundo lile linapita kitovu kwa upana wa kiganja.